Kufungwa, Kukatwa na Kukatika kwa Muunganisho

Vitenzi hivi vitatu hukaribiana maana, na katika tafsiri za programu za kompyuta mara nyingi kimoja hutumiwa mahali pa kingine. Katika kazi za mtandao, hata hivyo, kila kimoja hutaja tukio lake. Mazungumzo ya simu yametuzoesha tofauti hiyo: "amekata simu" si sawa na "simu imekatika".

Tuseme mwalimu aliyeko Magamba, mkoani Katavi, anatuma kwa simu alama za mtihani kwenye seva iliyoko Dar es Salaam. Seva hiyo huhudumia wateja wengi kwa pamoja bila kusimama kumngoja mmoja. Huendelea na kazi nyingine hadi ijulishwe kwamba data ya mteja fulani imefika.

1. Umefungwa. Hii ni kauli ya kutendwa, na mtenda yupo. Programu ya mwalimu imemaliza kazi na kuaga. Seva ikisoma hupata baiti 0, maana yake upande wa pili hautatuma tena.

2. Umekatwa. Mtenda yupo, lakini hakuaga. Upande mmoja umeuvunja muunganisho ghafla, na seva ikisoma hupata taarifa ya kosa.

3. Umekatika. Hii ni kauli ya kutendeka, na mtenda hatajwi. Mtandao umepotea, au simu imeishiwa chaji. Hakuna ujumbe wowote uliotumwa. Kwa hiyo seva haiwezi kumtofautisha mwalimu aliyenyamaza na aliyetoweka.

Kukatika, basi, hakusomwi, hukisiwa. Seva huweka ukomo wa muda, au hutuma ujumbe mfupi wa kuuliza kama mteja bado yupo. Asipojibu, seva huufunga muunganisho. Kuiachia itifaki ya TCP kazi hiyo hakutoshi: kanuni za intaneti za mwaka 1989 zinataka muda wake wa kawaida wa kungoja kabla ya kuuliza usipungue saa 2.

Mtafsiri akiandika "muunganisho umefungwa" mahali pa "umekatika", mwalimu ataamini kazi imekwisha kwa utaratibu, kumbe alama za darasa zima hazijafika. Andika "umekatika" pale ambapo hakuna aliyeaga, na "alama zimepokelewa" pale tu ambapo seva yenyewe imejibu.