Kabla ya Kulipia Masomo ya Masafa

Masomo ya masafa si jambo geni mkoani Rukwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kina kituo chake Sumbawanga, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima imefundisha kwa njia ya posta tangu miaka ya 1970. Kilichobadilika ni zana. Leo mwanafunzi huambiwa awe na simu janja, bando na programu ambazo pengine hajapata kuzisikia, na mara nyingi huambiwa hayo baada ya kulipa ada.

Zana shirikishi ni ile inayomwezesha mwanafunzi kuuliza akajibiwa, na kufanya zoezi akarudishiwa likiwa limesahihishwa. Video mia moja za mihadhara, hata zikiwa na picha safi kiasi gani, hazitimizi sharti hilo. Kwa hiyo, swali la kwanza kwa anayekuuzia masomo liwe hili: nikikwama, nani atanijibu, na baada ya muda gani? Jibu hilo lipate kwa maandishi.

Swali la pili ni gharama ya bando, ambayo haimo katika ada. Kipindi cha mubashara cha saa moja chenye picha, kwa Zoom au Google Meet, huweza kutumia kuanzia MB 500 hadi zaidi ya GB 1. Kwa sauti peke yake, matumizi hushuka hadi makumi ya MB. Ujumbe wa maandishi hauhesabiki. Chukua kozi ya wiki 12 yenye vipindi vitatu vya picha kila wiki: hivyo ni vipindi 36, na huenda vikahitaji GB 36. Linganisha bei ya kiasi hicho na ada yenyewe kabla ya kutia saini.

Kisha pima mahali unapoishi. Mtandao wa Sumbawanga mjini si kipimo cha Mtowisa, chini bondeni, wala cha Kasanga kando ya Ziwa Tanganyika. Hata juu ya uwanda wa Ufipa, kilima kimoja chatosha kuukata. Jaribu kupiga simu ya video ukiwa nyumbani, saa ileile ambayo kipindi kitafanyika, kwa siku kadhaa. Jaribio la saa nne asubuhi halisemi lolote kuhusu saa mbili usiku, wakati wengi wako mtandaoni.

Kwa maoni yetu, mkazi wa kijijini atafaidika zaidi na kikundi cha WhatsApp chenye mwalimu anayejibu kweli, pamoja na mfumo kama Moodle, ambao programu yake ya simu huruhusu kupakua masomo siku ya kwenda mjini na kuyasoma baadaye bila mtandao. Zana hizi hazina mvuto wa darasa la mubashara, lakini umeme ukikatika au mvua ikinyesha, somo halipotei. Anayejifunza lugha atahitaji kusikia na kusikika. Huyo aulize kama kipindi kinaweza kufuatwa kwa sauti tu, na kama kinarekodiwa.

Ukilazimika kununua simu, bonyeza *#06# dukani kabla ya kulipa, kisha tuma namba itakayojitokeza kwenda 15090 ili kuthibitisha kwamba si bandia. Fungua humohumo programu ya chuo uone kama inafanya kazi. Chuo chenyewe kihakikishe kwa NACTVET au, kikiwa chuo kikuu, kwa TCU.

Bando likiisha kwa namna usiyoielewa, anza kulalamika kwa kampuni ya simu na utunze kumbukumbu ya malalamiko yako, ikiwamo tarehe. Usiporidhika na jibu, yapeleke TCRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya.