Kazi ya Kushauri Mambo ya Fedha: Je, Waijua?

Ukipita katika miji ya Shinyanga, Kahama, Katoro na Geita siku hizi, utaona vibao vingi vya ofisi za fedha. Kimoja chasema chama cha akiba na mikopo, kingine chasema mikopo ya haraka, cha tatu chasema ushauri na uwekezaji. Vijana waliomaliza masomo huchungulia ndani, wakaona makarani wenye mashati safi wameketi mbele ya kompyuta, nao husema moyoni, "Hii ndiyo kazi." Wazazi nao hupenda kujivuna: "Mwanangu yuko kwenye mambo ya fedha." Lakini ukiwauliza kazi hiyo ni kufanya nini kutwa nzima, ni wachache watakaokujibu.

Basi leo tuitazame kazi hiyo, ili wewe kijana ujue unachokitamani, na wewe unayekwenda huko na fedha zako ujue yule aliyeketi ng'ambo ya meza ana wajibu gani kwako.

SI KAZI NGENI KWETU

Usidhani jambo hili lilikuja juzi. Wazee wa Usukuma wanazo habari za pamba. Wakulima wa zamani walinung'unika sana juu ya mizani ya wanunuzi, maana mtu alileta mzigo wake asijue kama uzito wote umeandikwa. Ndipo wakaanza vyama vyao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa shirikisho lililojulikana kwa herufi VFCU, chini ya uongozi wa Bwana Paul Bomani. Kila chama kilihitaji mtu wa kupima kwa haki na kuandika kwa haki.

Yule karani wa mizani ndiye babu wa mshauri wa fedha. Kazi yake ilikuwa kujua hesabu kwa faida ya mtu asiyezijua. Vyombo vimebadilika, lakini kazi ni ile ile.

KAZI YA KUTWA

Asubuhi karani hufungua vitabu na kulinganisha hesabu za jana. Shilingi mia moja ikipungua, hapana budi itafutwe mpaka ionekane. Kisha huingia watu. Mmoja ataka mkopo wa kununua pikipiki. Mwingine ameleta akiba yake. Wa tatu amekuja kumdhamini ndugu yake, wala hajui kwamba ndugu akishindwa kulipa, akiba yake yeye mdhamini ndiyo itakayoguswa. Ni wajibu wa karani kumwambia hayo kabla hajatia sahihi, siyo baada.

Nusu ya kazi ni kuuliza na kusikiliza. Watoto wangapi wakutegemea? Mapato yako huja kila mwezi au mara moja kwa mwaka? Una deni mahali pengine? Swali hili la mwisho ndilo gumu, kwa sababu watu wengi huficha. Yuko aliyekopa kwa wale wakopeshaji tunaowaita "kausha damu", naye ataka mkopo mpya ili alipe wa zamani. Mshauri asiyeuliza vizuri atamtumbukiza shimoni zaidi, huku akidhani amemsaidia.

Nusu ya pili ni hesabu. Chukua kalamu, msomaji, tuhesabu pamoja. Tuseme umekopa shilingi 1,000,000 kwa miezi 10, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Ofisi ya kwanza yatoza riba juu ya mkopo wote wa awali kila mwezi, yaani shilingi 30,000 mara 10. Riba yako ni shilingi 300,000. Ofisi ya pili yatoza riba juu ya deni lililobaki tu. Kila mwezi wapunguza deni kwa shilingi 100,000, basi riba ni 30,000, kisha 27,000, kisha 24,000, hivyo hivyo mpaka 3,000. Jumla yake ni shilingi 165,000. Ofisi zote mbili zimeandika ukutani "asilimia 3", lakini tofauti ni shilingi 135,000! Fedha hizo zatosha kununua sare na madaftari ya watoto. Mshauri mwema hukuonyesha hesabu hiyo hata usipomwuliza.

Alasiri hutoka nje. Hupanda pikipiki kwenda kuona duka la mkopaji kama lipo kweli, au kumtafuta aliyechelewa kulipa. Kazi hii ya kudai haina sifa. Waweza kumkuta mtu mgonjwa kitandani, nawe umebeba karatasi ya deni. Yataka moyo wa huruma na kichwa kisichosahau kwamba fedha zinazodaiwa ni akiba za wanachama wengine, na baadhi yao ni maskini kuliko mdaiwa.

FEDHA ZA DHAHABU

Katika nchi yetu hii kuna jambo linaloifanya kazi kuwa ngumu kuliko mahali pengine. Mwalimu hupata mshahara kila mwezi. Yeye ni rahisi kushauriwa. Mkulima wa pamba hupata mara moja kwa mwaka. Lakini mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa aweza kukaa miezi mingi bila kitu, akila kwa mkopo, kisha siku moja duara likatoa. Tangu Machi 2019, soko la madini la Geita lilipofunguliwa, yuko mahali pa kuuza dhahabu yake mbele ya mizani ya halali. Hilo ni jema sana. Lakini mizani haimfundishi mtu la kufanya na fedha kesho yake.

Mshauri asiyeijua nchi atamwambia mtu huyu, "Weka akiba kila mwezi," naye atacheka. Anayeijua nchi atamwambia: "Siku duara likitoa, kabla hujafika nyumbani, gawa mafungu. Moja la deni, moja la chakula cha miezi ya ukame, moja la kurudi shimoni, na moja usiloligusa." Wala hatawadharau ng'ombe. Wasukuma tangu zamani wameweka mali yao kwa mifugo, nayo huzaa. Atasema tu kwamba mwaka wa ukame ng'ombe wote huweza kwenda pamoja, kwa hiyo si vizuri mali yote kuwa zizini.

WALIPWA NA NANI?

Sasa tufike penye mzizi wa jambo. Tuseme mama mjane amelipwa fidia ya shamba lake. Hajapata kushika fedha nyingi namna hiyo, wala hatazishika tena. Aingia ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta fedha zangu, uniambie nizifanye nini."

Neno hilo, "mwanangu", ni zito. Karani ajua kwamba akimwandikisha mama huyu leo katika mpango fulani, atapata kamisheni. Bwana mkubwa wake amempa hesabu ya watu anaotakiwa kuwaandikisha kabla mwezi haujaisha, naye bado ana upungufu. Ajua pia kwamba mpango ule hufunga fedha miaka mitano, na mama ana wajukuu wanne wanaokula kila siku.

Hapo ndipo kazi yote hupimwa. Karani mwema atasema, "Mama, usitie sahihi leo. Toa kwanza fedha za chakula na za shule, ziweke mahali unapoweza kuzichukua. Zilizobaki, nenda ukazungumze na wanao wakubwa, urudi wiki ijayo." Kwa maneno hayo amepoteza kamisheni, na pengine atakaripiwa. Lakini mama atalala usingizi.

Wewe mteja nawe usione haya kuuliza: "Mwanangu, wewe walipwa na nani nikikubali?" Ni swali la haki, na mtu mwaminifu hujibu bila kukasirika.

WANAOJIITA WASHAURI

Tahadhari pia na wanaoahidi faida ya ajabu. Twakumbuka DECI, ambako watu waliambiwa "wapande" fedha ili "wavune" mara nyingi zaidi. Miongoni mwa wenye mpango ule walikuwamo wachungaji, na watu waliamini kwa sababu hiyo. Serikali iliusimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama ikawatia hatiani viongozi wake. Hakukuwa na shamba wala kiwanda. Mavuno ya wa kwanza yalikuwa mbegu za waliokuja nyuma. Jina la dini mlangoni si leseni.

Leseni zipo. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 yataka wakopeshaji, vyama vya akiba na mikopo, na hata vikundi vya vijijini vitambuliwe. Wanaoshauri juu ya hisa na uwekezaji husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Omba uonyeshwe cheti, ukisome.

KWA KIJANA ANAYEITAMANI

Kijana, ukiipenda kazi hii, njia iko karibu. Chuo cha Ushirika cha Moshi, kilichoanza mwaka 1963 na sasa ni Chuo Kikuu, kina tawi lake Kizumbi, hapa hapa Shinyanga. Dar es Salaam kiko Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Soma hesabu, sheria na kuandika barua iliyo wazi.

Lakini yapo mambo yasiyofundishwa darasani. Utajua siri za nyumba nyingi: mume anayemficha mkewe akiba, mke aliyekopa bila mume kujua. Utakutana nao sokoni na kwenye ibada, nawe huna ruhusa kuonyesha hata kwa jicho kwamba wajua. Shangazi atataka jina lake litangulizwe katika mikopo, nawe itakubidi umwambie angoje zamu kama wengine. Usikope kwa mteja, wala usipokee kuku wake kabla mkopo haujapitishwa.

Mshahara wa kuanzia mara nyingi ni wa kawaida, na mashati yale safi hujaa vumbi la barabara kabla ya jioni. Ukiitafuta kwa ajili ya kukaa karibu na fedha za watu, afadhali ushike jembe. Lakini ikiwa wapenda kuona mtu ametoka ofisini akiijua hesabu yake mwenyewe, na mwaka unaofuata amerudi akiwa hana deni, basi njoo. Wapimaji wa haki walihitajiwa wakati wa pamba. Wahitajiwa zaidi wakati huu wa dhahabu.