Fomu ya PF3 Mbele ya Majaji: Daktari na Rufani za Ukatili wa Kingono Ndani ya Familia

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya 1998 iliibadili Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kwa ukali usiokuwa umezoeleka. Anayembaka msichana mdogo hupewa kifungo kisichopungua miaka 30, na ikiwa mtoto huyo hajafikisha miaka 10, kifungo ni cha maisha. Anayemlawiti mtoto, wa kike au wa kiume, naye hukabiliwa na kifungo cha maisha. Mwanamume anayemwingilia ndugu wa damu hushtakiwa kwa zinaa ya maharimu, na akiwa binti huyo yuko chini ya miaka 18, adhabu haipungui miaka 30. Orodha ya ndugu katika kosa hilo ni fupi: mjukuu, binti, dada na mama. Baba wa kambo, mjomba au shemeji anayeishi chini ya paa moja na mtoto hushtakiwa kwa ubakaji, ingawa machoni pa mtoto wote hao ni watu wa nyumbani.

Adhabu ikiwa na uzito huo, ni nadra aliyetiwa hatiani kuridhika na hukumu. Hukata rufani Mahakama Kuu, na akishindwa huko hupanda hadi Mahakama ya Rufani. Wenzangu wengi katika taaluma ya tiba hudhani kwamba kazi yao imekwisha siku walipotoka kizimbani katika mahakama ya wilaya. La hasha. Katika rufani mtoto haonekani, mama yake haonekani, wala daktari haitwi. Majaji wana jalada tu: hati ya mashtaka, maneno ya mashahidi kama hakimu alivyoyaandika, na vielelezo. Kielelezo ambacho mara nyingi hubishaniwa kuliko vingine ni karatasi tuliyoijaza sisi, pengine usiku, pengine kwa haraka, nayo ni Fomu ya Polisi Namba 3, ambayo kila mtu huiita PF3.

Rufani ya kwanza humpa mrufani haki ya ushahidi wote kupimwa upya, kana kwamba shauri linasikilizwa tena kwa njia ya maandishi. Rufani ya pili ni nyembamba zaidi. Mahakama mbili za chini zikikubaliana kuhusu ukweli wa jambo, Mahakama ya Rufani haiingilii isipokuwa pale ushahidi ulipoeleweka vibaya au kanuni ya sheria ilipokiukwa. Ndiyo maana hoja nyingi za ngazi hiyo huwa za utaratibu, na msomaji asiye mwanasheria huona kama watu wanabishana juu ya karatasi ilhali mtoto ameumizwa. Naielewa hasira hiyo. Lakini mtu anayekabiliwa na miaka 30 au maisha gerezani ana haki ya kujua ni kwa ushahidi gani, na kuuhoji.

Nianze na PF3. Daktari anapoiwasilisha mahakamani, hakimu huipokea kama kielelezo, na baada ya kupokewa ni lazima isomwe kwa sauti ili mshtakiwa asikie kilichoandikwa ndani yake. Aidha, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mshtakiwa aelezwe kwamba ana haki ya kumtaka aliyeandika taarifa ya kitabibu aitwe ili ahojiwe. Fomu ikipokewa bila kusomwa, au mshtakiwa asipoelezwa haki hiyo, majaji wa rufani huiondoa katika kumbukumbu, na tangu hapo ni kana kwamba haikuandikwa. Hilo halimaanishi kwamba shauri limekufa. Ikiwa daktari alifika mwenyewe akaeleza kwa kinywa chake alichokiona, maneno yake hubaki hata karatasi ikiondolewa. Kwa hiyo namshauri kila daktari na tabibu anayeitwa kutoa ushahidi asiridhike kusema, “Nilimpima mtoto, matokeo yako katika fomu.” Aeleze yote: tarehe na saa ya kumpokea mtoto, nani alimleta, alimkuta katika hali gani, alimpima vipi, aliona nini na hakuona nini.

Namna ya kuandika nayo ina uzito wake. “Amebakwa” si matokeo ya uchunguzi. Ni hitimisho la kisheria, na mwenye kulitoa ni mahakama. “Kizinda hakipo” ni maneno ninayoyakuta mara nyingi katika fomu, nayo hayamsaidii mtu yeyote. Yalikusudia nini? Kwamba kimechanika, lini, upande gani? Au kwamba mwandishi hakukiona kwa sababu mtoto alibana miguu kwa hofu? Michubuko, mpasuko au kovu vielezwe kwa ukubwa, rangi na mahali, tukitumia mfano wa uso wa saa: mpasuko upande wa saa sita ni tofauti na mkwaruzo upande wa saa tatu. Maneno ya mtoto yaandikwe kama alivyoyasema, kwa lugha yake ya kitoto. Mtoto wa miaka sita hasemi “aliniingilia kimwili.” Fomu ikimnukuu hivyo, wakili wa mrufani atauliza, na ana haki ya kuuliza, ni nani aliyezungumza.

Jambo linalopotosha zaidi, kwa maoni yangu, ni imani kwamba mwili wa mtoto hautunzi siri. Mara kwa mara hoja ya rufani husema: daktari hakuona jeraha, basi hakuna kilichotendeka. Utafiti umeonyesha kinyume kwa miaka mingi. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1994, uliowahusu watoto 236 ambao kesi zao zilithibitishwa kisheria, ulikuta kwamba wengi wao walikuwa na maumbile ya kawaida au yasiyo na dalili mahususi. Mwaka 2004 watafiti wengine wa huko waliwachunguza wasichana 36 wajawazito, ambao hapakuwa na shaka kwamba waliingiliwa. Ni 2 tu kati yao waliokutwa na dalili za wazi za kuingiliwa. Kizinda si utando uliofunga mlango. Ni tishu yenye uwazi, inayonyumbuka, na jeraha lake huweza kupona kwa siku chache bila kuacha kovu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitamka kwamba kipimo cha ubikira hakina msingi wa kisayansi.

Ndani ya familia hali hiyo huwa ya kawaida zaidi. Mtendaji anayemjua mtoto hahitaji nguvu nyingi; hutumia imani, zawadi, vitisho, na mamlaka yake ya mtu mzima. Mtoto naye huletwa kwetu wiki au miezi baadaye. Sheria yetu haidai jeraha, kwani kupenya kwa kiasi chochote kile kunatosha kuthibitisha kosa. Basi daktari anapokuta maumbile ya kawaida na aandike hivyo, kisha aongeze sentensi moja: matokeo haya hayathibitishi wala hayakanushi maelezo ya mtoto. Sentensi hiyo ni ya haki kwa pande zote mbili. Pia inatukumbusha mpaka wetu: hata jeraha la wazi halitaji jina la aliyelisababisha. Pale binti anapopata ujauzito, uchunguzi wa vinasaba katika Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali unaweza kumtambua baba wa mtoto aliyezaliwa, na unaweza vilevile kumwondolea mtu tuhuma.

Umri ni suala dogo kwa sura ambalo limebadilisha hukumu nyingi. Kwa kuwa mpaka kati ya miaka 30 na kifungo cha maisha ni mwaka wa kumi wa mtoto, umri hauwezi kuchukuliwa kutoka katika hati ya mashtaka peke yake. Ni lazima uthibitishwe kwa ushahidi. Mahakama ya Rufani imekubali kwamba unaweza kuthibitishwa na mtoto mwenyewe, mzazi, ndugu, daktari, au cheti cha kuzaliwa kikiwapo. Sisi tuna kadi ya kliniki mkononi mara nyingi kuliko polisi. Kuandika “miaka 9, kwa mujibu wa kadi ya kliniki, tarehe ya kuzaliwa imeonekana” huchukua nusu dakika.

Nguzo ya kesi hizi, hata hivyo, si fomu yetu. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani uliochapishwa katika taarifa za sheria za 2006 unanukuliwa karibu kila mahali: ushahidi bora wa ubakaji hutoka kwa aliyetendewa. Sheria ya Ushahidi, katika kifungo kilichojulikana kwa muda mrefu kama cha 127, inaruhusu mtu kutiwa hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, mradi mahakama iridhike kwamba anasema kweli. Hadi 2016 hakimu alitakiwa kwanza kumpima mtoto akili na uelewa wa kiapo. Marekebisho ya mwaka huo yaliondoa mzigo huo: mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, lakini kabla ya kuanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Ni sharti jepesi. Lakini katika rufani kadhaa kumbukumbu hazikuonyesha ahadi hiyo, na ushahidi wote wa mtoto ukaondolewa kwa sababu ya mstari mmoja uliokosekana. Katika miaka ya karibuni Mahakama hiyo imetoa pia maamuzi yanayotazama zaidi kiini cha ushahidi, jambo ambalo mimi, kama daktari wa watoto, nalipokea kwa nafuu.

Hoja nyingine inayorudi ni kuchelewa kusema. Mahakama hupenda shahidi aliyemtaja mtuhumiwa mapema, na katika wizi au uporaji kanuni hiyo ina mantiki. Kwa mtoto anayelala nyumba moja na mtuhumiwa, ukimya una maelezo yake. Roland Summit, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliandika mwaka 1983 jinsi siri, kukosa msaada, kuchelewa kusema na hata kukana alichokwisha kusema vinavyofuatana kwa watoto hao. Maandishi yake si kipimo cha kuthibitisha kwamba kosa lilitendeka, na yeyote anayeyatumia hivyo mahakamani anayapotosha. Yanachosaidia ni kutufanya tumuulize mtoto, na kuandika jibu: kwa nini hukusema? “Alisema mama atafukuzwa” ni jibu ambalo jaji wa rufani anaweza kulipima. Nafasi tupu hailipimiki.

Upande wa pili nao hauna budi kusikilizwa. Warufani wengi wa kesi za kifamilia hudai kwamba mashtaka yalitokana na ugomvi wa ndoa, shamba au urithi. Madai hayo hayawi uongo kwa sababu tu yanatolewa na mshtakiwa, na jukumu la kuthibitisha kosa bila kuacha shaka ya msingi halimhami mwendesha mashtaka. Daktari anayejaza fomu ili kumpendeza mama aliyelia mbele yake anamdhuru hata mtoto, kwa kuwa chumvi iliyozidi ndiyo wakili huionja kwanza.

Kuna pia vikao vya wazee. Mambo huambiwa yamalizwe nyumbani, na mtoto huelekezwa kusema alikosea. Sheria ya Ushahidi haimruhusu mama kujificha nyuma ya ndoa yake katika makosa haya, kwa kuwa anaweza kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Lakini kulazimishwa kusimama kizimbani si sawa na kulindwa ukirudi nyumbani, hasa ikiwa aliyefungwa ndiye aliyekuwa akileta unga.

Mahakama ya rufani ikikuta kasoro kubwa, ina njia mbili. Yaweza kumwachia mrufani huru, au kuamuru shauri lisikilizwe upya. Ya pili haitolewi ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo yake. Inapotolewa, mtoto aliyetoa ushahidi akiwa na miaka 8 huitwa tena akiwa na 13, akiwa anasoma shule nyingine, pengine akiwa ametumia miaka hiyo yote kujaribu kusahau. Mrufani akiachiwa, anaweza kurudi katika nyumba ile ile. Familia inaweza kuyasikia kutoka kwa majirani kabla afisa ustawi wa jamii hajapata habari. Katika jalada la mtoto tunaloendelea kumhudumia kliniki, ni vyema kuandika namba ya shauri na namba ya simu ya ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, ili mtu awepo wa kuuliza rufani imefikia wapi, na mtoto atalala wapi siku hukumu itakaposomwa.