KOMPYUTA INAKUOMBA PASWEDI KILA SAA? ACHA KUJAZA, KAGUA HAYA KWANZA



Umefungua kompyuta ya dukani asubuhi. Mteja wa Lamadi ameshatuma oda kwa barua pepe. Kidirisha kinatokea: weka paswedi. Unaweka, kinarudi. Unaweka tena, kinarudi. Mpaka uje kuingia, mteja kashanunua kwa mwingine.

Kosa letu wengi ni kujaza ileile mara kumi. Ukikosea sana, akaunti inaweza kufungwa kwa muda. Na mara nyingi paswedi haina shida, shida iko pembeni. Nenda kwa mpangilio huu:

1. NANI ANAKUOMBA?
Kidirisha kimekuja baada ya kubofya linki uliyotumiwa WhatsApp? Funga. Andika mwenyewe anwani ya tovuti, ndipo uingie. Na kikikuuliza namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money ili ufungue barua pepe, huo ni wizi. Usijaze kitu.

2. ANGALIA SAA NA TAREHE
Hili linawapata sana wenye kompyuta za mezani, hasa zile za zamani. Ndani kuna betri ndogo ya duara kama kidonge, inaitwa CR2032. Ikiisha, ukizima swichi ya ukutani au umeme ukikatika, saa inarudi miaka ya nyuma. Tarehe ikiwa si sahihi, tovuti zinagoma na akaunti zinakutoa. Rekebisha tarehe, na kwenye majira chagua Nairobi (UTC+03:00), ni saa moja na yetu. Ikirudi nyuma tena kesho, mwambie fundi abadilishe betri.

3. ULIBADILISHA PASWEDI KWENYE SIMU?
Kompyuta bado inatumia ile ya zamani iliyoitunza. Ingia sehemu ya paswedi zilizohifadhiwa, futa ya zamani, weka mpya. Angalia pia kama Caps Lock haijawaka.

4. BRAUZA INASAHAU
Ukifunga Chrome na kufungua tena unaombwa paswedi upya? Huenda imewekwa ifute vidakuzi kila ikifungwa, au unatumia dirisha la siri. Badilisha kwenye mipangilio, lakini iwe kompyuta yako tu. Ukiwa steshenari ya mtu, acha isahau, na wewe toka kabisa kwenye akaunti kabla hujaondoka.

5. PROGRAMU YA BARUA PEPE NI YA KIZAMANI?
Tangu 2022, Google haikubali programu zinazoingia Gmail ya kawaida kwa jina na paswedi pekee. Hata ukijaza sahihi itakuomba tena na tena. Suluhisho rahisi: fungua Gmail kwenye brauza, au sasisha programu yako.

Umepita zote na bado inagoma? Badilisha paswedi kupitia simu yako, kisha kagua vifaa vilivyoingia kwenye akaunti. Usichokitambua, kiondoe. Huenda kuna mtu aliingia akabadilisha paswedi.

Dakika kumi za kukagua ni nafuu kuliko kupoteza akaunti yenye wateja wako wote.

Yako imegomea namba ngapi? Tuambie kwenye komenti tusaidiane. Ila paswedi yenyewe usiiandike hapa, hata kwa utani! 😄