KIUNO KINASHIKWA NA NINI?

Msimu wa kulima ukianza, darasani kwetu nafasi nyingi hubaki wazi. Tukiuliza sababu, tunajibiwa: "Mwalimu, kiuno!" Mama mmoja alilala kitandani wiki 3. Majirani walimwambia figo zimeoza. Alipofika zahanati alipimwa mkojo, ugonjwa wa figo haukuonekana. Kumbe ni misuli iliyoumia alipoinua ndoo.

Basi, tukijue kiuno chetu.

Sehemu ya chini ya mgongo ina pingili 5 kubwa. Pingili hizo zimesimama juu ya mifupa ya nyonga. Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini kama mto, ili mifupa isisagane. Lakini mifupa haisimami peke yake. Fikirini mlingoti wa bendera uliofungwa kamba pande zote. Kamba moja ikilegea, nyingine zitavutwa mno. Kamba zetu ni misuli:

1. Misuli ya mgongo. Imepanda kulia na kushoto kwa uti wa mgongo. Ndiyo inayotuinua tukiinama.

2. Misuli ya tumbo. Inakishika kiuno kwa mbele na pembeni.

3. Misuli ya matako. Hii ina nguvu sana. Inatuinua tukichuchumaa na tukipanda mlima.

4. Misuli ya chini ya nyonga. Imetandazwa kama kitanda cha kamba. Inabeba kibofu, na kwa akina mama inabeba pia tumbo la uzazi. Baada ya kuzaa huweza kulegea, mama akikohoa mkojo ukamtoka. Si jambo la aibu. Kaza kama unayezuia mkojo, hesabu mpaka 5, achia. Rudia mara 10, kila siku.

Sasa, kosa letu liko wapi? Tunainama magoti yamenyooka, ndoo iko mbali na mwili. Maji ya lita 20 ni kilo 20! Mzigo wote unaiangukia misuli ya mgongo, yale matako yenye nguvu hayasaidii. Chuchumaa, vuta ndoo karibu, kaza tumbo, inuka kwa mapaja na matako. Usijipinde ukiwa na mzigo. Shambani, weka jembe mpini mrefu, na simama ujinyooshe mara kwa mara.

Je, kiuno kikishauma? Usilale siku nyingi. Misuli isiyofanya kazi hulegea. Tembea kidogo kidogo. Lakini miguu ikikosa nguvu, sehemu za siri zikifa ganzi, mkojo au choo kikishindwa kuzuilika, au ukiwa na homa, nenda hospitali upesi, usingoje.

Yule mama sasa amerudi darasani. Ndoo anainua, lakini anachuchumaa kwanza.

Maswali ya kujadiliana:
1. Misuli gani inatusaidia kuinua ndoo?
2. Kwa nini si vizuri kulala siku nyingi kiuno kikiuma?