JIMBO LETU NA MAJIRANI: NANI ANAONGEA, NANI ANATIA SAHIHI?



Juma lililopita, katika somo la uraia, mwenzetu mmoja wa darasa la chini alitoa ulizo. Alisema: «Koltani inatoka hapa kwetu Rubaya. Wale wanaoitumia wako Ulaya, Marekani na China. Kwa nini basi Liwali wa jimbo asiwaite tu, wasaini mkataba pamoja, barabara ya Sake itengenezwe, mambo yaishe?» Wengine walicheka. Sisi tuliona si ulizo la kuchekwa, maana hata wakubwa wanauliza hivyo sokoni. Tulifungua Katiba na Sheria ya Madini, tukamsumbua mwalimu wetu, na haya ndiyo tuliyoyapata.

1. Mfano wa Sulemani

Tuanze na habari ambayo kila mmoja wetu aliisikia katika shule ya Jumapili. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme tunasoma kwamba Sulemani alikuwa na maakida kumi na wawili, kila mmoja katika sehemu yake ya nchi. Kila akida alileta chakula cha nyumba ya mfalme mwezi mmoja kwa mwaka. Lakini Sulemani alipohitaji mierezi ya Lebanoni kwa kujenga hekalu, hakuna akida aliyekwenda Tiro kufanya mkataba. Mfalme mwenyewe alipatana na Hiramu: huyu alete miti, yule alipe ngano na mafuta.

Basi tuulize: ile ngano ilitoka wapi? Ilitoka mashambani, kule maakida walikokuwa. Mfalme aliagana, lakini bila ukulima na hesabu ya sehemu zile, neno lake kwa Hiramu lingekuwa maneno matupu. Tushike mfano huu, utatusaidia mpaka mwisho.

2. Vikapu vitatu vya Katiba

Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 inagawanya kazi kati ya Kinshasa na majimbo. Tunaweza kusema kuna vikapu vitatu.

Kikapu cha kwanza, kifungu cha 202, ni cha Kinshasa peke yake. Ndani yake kuna mambo ya nchi za nje, mikataba na mataifa, jeshi, uraia, biashara na nchi za nje, na ushuru wa forodha. Ndiyo sababu jimbo halina balozi. Liwali wa Kivu ya Kaskazini hawezi kutia sahihi mkataba na Rwanda, na Uganda, wala na China.

Kikapu cha pili, kifungu cha 203, ni cha wote wawili. Humo tunakuta jambo moja linalotuhusu sana: kuanzisha miradi na mapatano ya ushirikiano na nchi za nje katika mambo ya uchumi, utamaduni na jamii. Maana yake jimbo linaweza kupokea mgeni mwenye msaada, kumwonyesha daraja lililoanguka, kuandika mradi na kuupeleka mbele. Kuanzisha si kumaliza. Lakini asiyeanzisha, hakuna atakayemmalizia.

Kikapu cha tatu, kifungu cha 204, ni cha jimbo peke yake. Humo kuna ushirikiano kati ya jimbo na jimbo, na pia kupanga biashara ndogo ya mpakani. Fromaji ya Masisi ikienda kuliwa Kinshasa, ao maharagi yakishuka Bukavu kwa mashua, hatuhitaji balozi. Hapo liwali anaweza kuongea na liwali mwenzake juu ya barabara, bandari za ziwa na taksi ambazo zinalipishwa mara mbili.

3. Bariera ya Goma

Tazama sasa namna vikapu hivi vinakutana mahali pamoja. Wengi wetu tulifika Goma, tukaona ile wanaita Petite Barrière. Wamama wanavuka kwa miguu kwenda Gisenyi na kurudi, na mizigo kichwani na mgongoni: mboga, nyanya, unga, vitambaa. Ile kartasi ndogo ya kuvukia wanaita jeto. Desturi hii ya kuwarahisishia majirani njia ina mizizi katika CEPGL, ule umoja wa Zaire, Rwanda na Burundi ulioundwa Gisenyi tarehe 20 mwezi wa kenda 1976.

Biashara ile ni ndogo, kwa hiyo jimbo lina haki ya kuipanga. Lakini kwa sheria wale wenye mihuri pale bariera si watu wa jimbo. Amri ya serikali ya mwaka 2002 iliruhusu huduma ine tu mpakani: forodha, ofisi ya kupima bidhaa (OCC), uhamiaji (DGM), na afya ya mpakani. Zote ine ni za taifa. Liwali anaweza kuziita mezani, anaweza kuuliza kwa nini mtu wa tano na wa sita wamesimama pale wanadai franka kwa mama wa nyanya. Bei ya ushuru yenyewe hawezi kuibadilisha.

Na bariera yaweza kufungwa na mkono wa mbali. Tarehe 1 mwezi wa nane 2019, kwa sababu ya Ebola iliyofika Goma, Rwanda ilifunga mpaka kwa masaa, kisha ikaufungua siku ile ile. Uamuzi ulikuwa wa miji mikubwa, lakini walioumia walikuwa Goma na Gisenyi. Ni hivi: mwenye kuongea yuko mbali, mwenye kuumia yuko karibu. Kazi ya jimbo ni kumfikishia yule wa mbali kilio cha huyu wa karibu, upesi na kwa hesabu sawasawa.

4. Na koltani yetu?

Hapa ndipo jibu la mwenzetu. Ruhusa kubwa za kuchimba zinatolewa na Waziri wa Madini kule Kinshasa. Nyumba za kununua na kuuza inje, zile tunaita kontwari, nazo zinakubaliwa na waziri. Karte ya mnegosian, yule anayenunua kwa wachimbaji na kupeleka kwa kontwari, inatolewa na Liwali. Hivi sheria inampa Liwali njia kati ya shimo na mji, haimpi mlango wa kwenda ng'ambo.

Lakini jimbo lina sehemu yake katika faida. Sheria ya Madini ya 2018 inagawa ile malipo ya madini, na mwaka ule ule koltani iliwekwa kati ya madini ya pekee ambayo malipo yake ni 10 kwa 100. Tufanye hesabu kama darasani. Koltani ya dola 1.000 inalipiwa dola 100. Katika zile 100:

– serikali ya Kinshasa inapata 50;
– jimbo linapata 25;
– sekta, usultani ao komine ya mahali pa mgodi inapata 15;
– mfuko wa vizazi vijavyo unapata 10.

Zile 15 ndizo zingekuwa mabati, mabenchi na maji ya bomba hapa karibu. Lakini angalieni vizuri: hesabu hii inafanya kazi kwa gunia lenye kartasi tu. Gunia lililopita usiku bila kartasi, jimbo linapata sifuri, na kijiji kinapata sifuri.

Wanunuzi wa ng'ambo nao wanauliza kartasi. Mwaka 2010 Marekani ilitoa sheria ya kulazimisha makampuni yake kueleza kama madini yao yanatoka Kongo na nchi jirani, na kama yanalisha vita. Ulaya ilifuata, sheria yake ikaanza kufanya kazi tarehe 1 mwezi wa kwanza 2021. Ndiyo sababu magunia yalianza kufungwa na lebo zenye namba. Na wazee wetu wanakumbuka mwezi wa kenda 2010, wakati Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Neno moja kutoka Kinshasa, na soko lote likalala njaa.

5. Mikono ikiwa mingi

Tuseme pia lililo gumu, bila kumhukumu mtu, maana buletini hii ni ya masomo. Kwa Katiba, Liwali anachaguliwa na Bunge la jimbo kwa miaka mitano. Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021 hali ya dharura iliweka wanajeshi mahali pa viongozi hao. Mwisho wa mwezi wa ine 2024, M23 iliingia Rubaya. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka ule kwamba tani 120 hivi za koltani zilikuwa zinavuka kwenda Rwanda kila mwezi, na kwamba M23 ilikuwa inakusanya dola 800.000 hivi kwa mwezi katika taksi za biashara ile. Mwezi wa kwanza 2025 Goma nayo ilianguka, na mwaka ule jimbo moja likawa na maliwali wawili, mmoja Beni, mwingine Goma.

Linganisha sasa na hesabu yetu ya juu. Wapi zile 25? Wapi zile 15? Mchimbaji ametoka shimoni na matope yake, chukudu imepita, gunia limekwenda, na kila aliyesimama njiani amekata sehemu yake. Jirani ao mnunuzi asipojua ni muhuri gani wa kweli, anachagua ule unaomfaa yeye. Mkono mmoja unaojulikana, hata kama ni dhaifu, unalinda watu kuliko mikono mingi yenye nguvu.

6. Jibu letu

Ndugu yetu, jibu ni hili. Liwali hawezi kusaini mkataba wa koltani na Ulaya, na ni vizuri asiweze, maana majimbo 26 yakisaini kila moja kivyake, nchi itakuwa imekwisha. Lakini asiseme hana kazi. Apange mpaka mdogo, apatane na majimbo mengine, aanzishe miradi, na juu ya yote aandike gunia lote linalotoka, ili Kinshasa ikiongea na mataifa iwe na kitu mkononi, na ikirudi idaiwe ile 25 na ile 15.

Hata sisi viongozi wa wanafunzi hatuwezi kuandikia shule nyingine mkataba wa mpira, ni Bwana Prefe anayesaini. Lakini kama hatukuhesabu wachezaji na jezi, Bwana Prefe atasaini aibu.

Basi wenzetu, tusizarau somo la hesabu wala daftari safi. Siku moja mmoja wetu atakaa bariera, mwingine kwa ofisi ya madini, mwingine kwa Bunge la jimbo. Siku ile akumbuke mama wa nyanya na mchimbaji wa matope, aandike kweli hata kama hakuna anayemtazama. Mungu anatazama.

Kaeni na amani ya Kristo.

Kwa niaba ya viongozi wa wanafunzi