"Aina ya ua" si fasili: mfano wa Hibiscus surattensis

Katika orodha za maneno tunazokusanya vijijini, mimea ndiyo hutendewa vibaya zaidi. Mtoa habari anaonyesha ua la njano, anataja jina lake, nasi tunaandika: "aina ya ua la porini". Msomaji wa kamusi hapati kitu. Tukiweka "oseille" kwa sababu majani yake ni machachu, tunampoteza: huko Ufaransa neno hilo ni la Rumex, mmea wa familia nyingine kabisa.

Tuchukue Hibiscus surattensis, mmea wa asili katika nchi za joto za Afrika na Asia, unaoota, kuzaa na kufa ndani ya msimu mmoja. Kwanza tutambue familia yake, Malvaceae, ambayo ni ya bamia, pamba na ngaingai. Ua lina petali tano, na katikati yake stameni zimeungana kuwa bomba moja. Nje ya sepali kuna kikombe cha pili cha vijani vidogo.

Kisha tutambue spishi, na hapo rangi haitoshi. Petali ni za njano zenye jicho jekundu-jeusi, lakini Hibiscus cannabinus nayo huwa na njano hafifu na jicho kama hilo. Kama tufanyavyo na fonimu, tutafute sifa bainifu. Ziko tatu:

1. Shina. La surattensis hutambaa na kuparamia mimea mingine kwa vimiiba vilivyopinda kuelekea chini. La cannabinus husimama wima.

2. Vijani viwili vilivyo pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina. Kwa surattensis ni vipana, vina umbo la sikio. Kwa cannabinus ni vyembamba kama uzi.

3. Kikombe cha nje. Kwa surattensis kila kijani hugawanyika pande mbili, upande mmoja ukiwa bapa kama kijiko. Kwa cannabinus hakigawanyiki, ila kila sepali ina tezi moja mgongoni.

Kwa hiyo picha ya ua lililopigwa kwa mbele haitoshi. Tuchume asubuhi, maana ua halidumu zaidi ya siku moja, na tuchukue kipande cha shina chenye jani na kikonyo chake.

Jina la kisayansi, lililotolewa na Linnaeus mwaka 1753, linataja Surat, bandari ya India. Halielezi mmea huu una maana gani kwetu. Kazi yake ni kuonyesha ni mmea upi. Jina la kijiji hubeba ladha na matumizi. Kamusi inahitaji yote mawili, kwa mfano baada ya kidahizo cha lugha husika:

"mmea wa msimu mmoja wa jamii ya bamia, utambaao, wenye vimiiba na ua la njano lenye jicho jeusi, majani yake machachu huliwa kama mboga (Hibiscus surattensis L.)."